Mbeleko

Logroño, saa nane za usiku.
Mashine namba tatu inakohoa wino wa zambarau.
Mimi, Begoña Ezquerro, mwaka wa ishirini na sita huu
nawavika nguo wasionijua:
chupa za mvinyo, mitungi ya zeituni,
kopo la pilipili hoho lenye picha ya bibi
ambaye hakuwahi kuzaliwa.

Lebo huzaliwa ikiwa imebebwa.
Chini yake kuna karatasi laini, yenye silikoni,
inateleza kama sabuni kidoleni,
na kazi yake ni hiyo tu, kubeba:
kutoka kwangu, kwenye lori, hadi kiwanda cha mvinyo.
Pale lebo hubanduka, hushika kioo,
huitwa kwa jina na mwaka wa mavuno.
Mwana huenda mezani.
Mbeleko hutupwa.

Jumanne, Leandro wa mauzo alikuja na sampuli.
"Mteja anataka jani. La kijani, kona ya kulia,
na chini yake: Tunaitunza ardhi."
"Ardhi ipi?" nikauliza.
Akacheka, akadhani natania.
Wazee wa maneno walisema chema chajiuza,
kibaya chajitembeza.
Hili jani lilikuwa limeshavaa viatu.

Ijumaa nikapanda lori pamoja na Unai,
mwanagenzi, masikio mekundu kwa baridi,
tukapeleka marobota mapya kwa mteja yuleyule.
Nyuma ya jengo, mbali na macho ya watalii,
nikaikuta kazi yangu yote, upande wa pili wake:
rundo la mbeleko, refu kuliko lori,
limelowa, limejikunja, jeupe,
na kila karatasi ina kivuli cha mstatili
pale mtoto alipokuwa amelala.

Tuliazima mizani ya zabibu.
Kilo mia mbili na arobaini.
"Hizi zinakwenda wapi?" Unai akamuuliza mlinzi.
Mlinzi akaonyesha kilima kwa kidevu.
Ndege wengi weupe walikuwa juu ya kilima.
Hatuko karibu na bahari.

Njiani nilitaka kuwalaani, ulimi ukakwama,
maana kinyozi hajinyoi.
Kwetu, mlangoni mwa ghala, kuna nyavu:
mabaki ya kukatia, matundu matupu yenye gundi,
tunayafunga kila alfajiri kwa kamba ya buluu,
na kamba ile, naijua, naifunga mimi,
inakwenda kilima kilekile.

Basi usiku huo nilichapa lebo mbili, karatasi nzuri,
herufi za dhahabu tunazowawekea wakubwa.
Ya kwanza: Kilo 240. Imebeba chupa laki mbili.
Haikutajwa.
Ya pili niliibandika kwenye nyavu zetu:
Hii ni yetu.
Picha nikamtumia mteja, nyingine nikamtumia Leandro,
kisha nikaenda kulala nikiwa sina hakika
kama Jumatatu nina kazi.

Nilikuwa nayo. Sikuitwa shujaa.
Niliitwa ofisini, nikaambiwa gharama,
nikaambiwa kiwanda cha karatasi kiko mbali, ng'ambo ya milima,
nikaambiwa silikoni ina ukaidi wake.
Nikasema naujua ukaidi, nimezaa watoto watatu.

Mwezi wa tatu lori likaja, la kijivu, bila jani lolote.
Likachukua mbeleko nusu. Nusu nyingine ilikuwa imeoza kwa mvua.
Jani bado tunalichapa, ila limepungua,
sasa linatosha ukucha wa kidole cha mwisho,
na maneno yamekuwa: Tumeanza.
Unai anasema hilo angalau si uongo.

Nyavu zetu hazijapata lori.
Kila alfajiri nazifunga kwa kamba ya buluu
na lebo ile ya dhahabu ingali pale,
gundi yake, nakiri kwa fahari kidogo,
haijaachia hata kona moja.